Bidoni Nne za Maziwa na Hesabu za Ndege za Vita

Kuna aibu ambazo humfika mtu akiwa peke yake, akazifunika, akaendelea na maisha yake. Yangu ilinifika saa nne asubuhi, jua limetoka, kwaya inaimba na baba zangu wadogo wote wamevaa koti, kwa hiyo sina namna ya kuikana. Mkinikuta sokoni Nyabiondo mkasikia mtu akiita "Rubani!" nami nikageuka, jueni kwamba sijawahi kupanda ndege hata moja, wala kugusa tairi lake, na kwamba jina hilo nililipata kwa njia ambayo naona afadhali niwasimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na madereva wa malori wa Mubi, ambao hawakuwepo, hawakuona kitu, na bado wanaisimulia vizuri kunizidi.

Nilisomea ufundi wa mitambo katika taasisi ya juu mjini, na kazi yangu ya kumalizia masomo niliiandika juu ya wepesi wa ndege za vita kulala ubavu. Mwalimu wangu mmoja aliniuliza, kwa upole kabisa, kwa nini mtoto wa wakulima wa maharagwe asiandike juu ya kinu cha kusagia mihogo, na mimi (nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, umri ambao mtu ana majibu mengi kuliko maswali) nikamjibu kwamba sisi wa milimani tumezisikia ndege hizo zikipita juu ya mabati yetu tukajilaza chini ya vitanda, na mtu ana haki ya kukifahamu kile kinachomlaza chini ya kitanda. Akatia sahihi.

Nawaeleza kwa ufupi, maana bila hilo hamtaelewa nilivyoanguka. Ndege ya vita haikati kona kama gari. Ikitaka kwenda kushoto, kwanza hulala ubavu wa kushoto, bawa moja likaelekea ardhini na jingine mbinguni, ndipo igeuke. Wepesi wake hupimwa kwa saa: muda tangu rubani asukume usukani hadi ndege ifike kwenye mlalo alioutaka na kutulia hapo hapo. Hayo maneno ya mwisho, kutulia hapo hapo, niliyaandika katika sura ya tatu, nikayapigia mstari, nikayatetea mbele ya majaji watatu waliovaa tai. Na ukitaka kuuongeza wepesi huo, njia moja ni kuondoa mizigo mizito kwenye ncha za mabawa na kuisogeza karibu na mgongo wa ndege, kwa sababu kitu chenye uzito mbali na katikati yake kinakataa kuzungushwa (chukueni mti, fungeni mawe kwenye ncha zake mbili mjaribu kuuzungusha kwa mkono, kisha myalete mawe katikati mjaribu tena, mtaona sidanganyi).

Basi nilirudi nyumbani kufundisha fizikia, na kila asubuhi nikiwa ubaoni niliona kupitia dirishani pikipiki za maziwa zikishuka kutoka vilima vya malisho. Mnazijua: bidoni nne za njano za lita ishirini ishirini, mbili kila upande, zimening'inia kwenye fremu ya miti iliyotanuka hata ukikutana nayo njiani wewe mwenda kwa miguu unaingia majanini. Niliziangalia zikikata kona, namna zinavyoinama polepole kama mzee anayetafuta kiatu chake, nikasema moyoni: hizi ni ndege za vita zilizobeba mizigo kwenye ncha za mabawa. Imeandikwa kwamba panga zitafuliwa ziwe majembe. Kwa nini hesabu zilizotungwa kwa ajili ya kuua watu zisiwe hesabu za kufikisha maziwa?

Nikaanza kupima. Chombo changu cha kwanza kilikuwa kipimapembe cha shule, uzi na nati, nilichokifunga kwenye usukani wa pikipiki, na pikipiki ilipolala kwenye kona nati ilibaki inaonyesha sifuri, kwa sababu katika kona iliyokatwa vizuri uzi unalala pamoja na pikipiki, jambo ambalo kila rubani analijua na ambalo mimi nilielezwa na mwanafunzi wangu wa darasa la tano la sekondari mbele ya wenzake. Baadaye nikakaa mbele ya kona na simu, nikarekodi picha, nikapima humo. Nilijaza daftari. Jibu lilikuwa wazi kama nilivyotarajia: pikipiki yenye mzigo mpana ilichelewa mno kulala kuliko ile iliyokuwa inarudi tupu. Kilichobaki ni jaribio moja la kupanga bidoni upya, na hakuna motari, yaani mwendesha pikipiki, aliyekubali kunipa maziwa yake nifanyie jaribio.

Sasa nifike kwa Gentille. Gentille ni muuguzi, tulifahamiana hospitalini Kirotshe nilipompeleka mama kutibiwa, na yeye ni binti wa Papa Anselme, mfugaji wa huko juu, mtu wa maneno machache na ng'ombe ambao haisemwi idadi yao. Kwetu sisi ni wakulima tangu babu wa babu. Sitaki kuwaeleza yaliyopita kati ya wenye majembe na wenye ng'ombe katika milima yetu, mnayajua. Itoshe kusema kwamba ilituchukua miaka miwili ya maombi, barua na wajumbe hadi Papa Anselme akubali kufikia hatua ya maziwa. Katika ukoo wake (sijui kama ni wafugaji wote) baba hasemi "ndiyo" kwa mdomo kabla maziwa ya ng'ombe wake hayajafika kwenye nyumba ya wakwe na kunywewa na wazee wa huko mbele ya shahidi wake. Bwana-arusi mwenyewe hupanda kwenda kuyachukua na kuyasindikiza. Yakifika yakanywewa, mtoto ametolewa. Yasipofika, hakuna anayegombana na mtu. Mazungumzo yanaisha tu.

Siku ile nilipanda alfajiri nikiwa nimevaa kostimu ya kijivu, suti yangu pekee, na nikamkuta motari aliyechaguliwa na Papa Anselme mwenyewe, Musafiri, mtu mfupi mtulivu ambaye amebeba maziwa ya familia ile tangu nikiwa shule ya msingi na hajawahi kumwaga hata kikombe. Shahidi alikuwa dada wa Papa Anselme, Mama Véronique, shangazi wa Gentille, aliyebeba mwavuli ambao sikuuona ukifunguliwa siku nzima. Yeye angepanda pikipiki ya pili ili atufuate nyuma. Papa Anselme alinipa mkono, akanitazama tai, akasema maziwa ni yale pale, akarudi kwa ng'ombe wake.

Na hapo, ndugu zangu, ndipo nilipofanya uamuzi mdogo. Bidoni nne zilikuwa chini, bado hazijafungwa. Mama Véronique alikuwa ameingia ndani kuaga. Nilikuwa na pikipiki, nilikuwa na njia yenye kona zote ninazozijua, nilikuwa na simu yenye kronomita, na nilikuwa na haki fulani juu ya maziwa yale, au nilijiambia hivyo. Nilimweleza Musafiri kwa utulivu nadharia yote, toka ncha za mabawa hadi mgongo wa ndege, nikamwomba tuziweke bidoni zote katikati nyuma yake, mbili chini na mbili juu, zimefuatana kama uti wa mgongo.

"Prof," akaniambia kwa Kiswahili cha kwetu, ambamo "njo" ni "ndiyo", "hii bidoni inajua nafasi yake. Tangu mwanzo njo vile napakia."

Nilimjibu kwamba mazoea si hoja. (Nilisema hivyo. Kwa mtu aliyeanza kazi hiyo wakati mimi najifunza kuandika herufi.) Akakuna shingo, akaniuliza itakuwaje Papa Anselme akimuuliza, nami nikamwambia aseme ni mimi niliyeamua.

"Sawa. Weye njo bwana-arusi," akasema, akaanza kufungua kamba. "Lakini sijaonaka maziwa inapanda gorofa."

Tulizifunga kwa kamba za mpira, zikasimama imara, nyembamba, nzuri. Tatizo lililobaki lilikuwa mimi, kwa sababu mahali pa abiria palikuwa pamejaa maziwa. Nikakaa nyuma kabisa, juu ya chuma cha mizigo, nikazikumbatia zile bidoni kwa mkono wa kushoto, shavu langu likiwa limelala kwenye plastiki yenye uvuguvugu wa maziwa ya asubuhi, na mkono wa kulia nikishika simu. Mama Véronique alipotoka akatuona hivyo, alisimama kidogo, akatazama bidoni, akanitazama mimi, akapanda pikipiki yake. Nilidhani amevutiwa.

Tulikubaliana amri kama za rubani. Nikisema "lala", Musafiri analaza pikipiki kwenye kona. Akifika kwenye mlalo wake anasema "tayari", nami nasimamisha saa. Kona ya kwanza alikwenda kwa woga. Ya pili nikasema "lala", akasema "tayari", nikatazama saa na moyo wangu ukaruka, kwa maana muda ulikuwa umepungua vibaya sana, yaani vizuri sana. Ya tatu ukapungua zaidi. Nataka hili lieleweke na wote wanaonicheka: nadharia ilikuwa sahihi. Pikipiki ile ililala upesi kuliko pikipiki yoyote ya maziwa niliyowahi kuiandika katika daftari langu, na hata Musafiri mwenyewe, aliyekuwa hana imani, alicheka akasema inageuka kama mbuzi.

Jambo ambalo hakusema, na ambalo mimi mwenye digrii nilipaswa kulisema kabla ya wote, ni kwamba kila tulipotoka kwenye kona ilimbidi apigane na usukani kidogo ili atuinue, na zile bidoni mbili za juu zilikuwa zinachelewa kuja, zinatikisika, kisha zinafika kwa kishindo. Nilizisikia kwenye shavu langu. Nilizisikia zikisema "glu", nikaendelea kutazama saa, kwa sababu saa yangu ilikuwa inapima mwanzo wa mlalo hadi neno "tayari", na kilichotokea baada ya "tayari" hakikuwa katika daftari.

Hivyo tukashuka mlima mzima, mimi nimekumbatia maziwa kama mgonjwa anayebebwa, nikisema "lala" kila mara, wanawake waliokuwa wanapalilia maharagwe wakisimama kunisikiliza (mmoja, nimeambiwa baadaye, alidhani ni mahubiri), hadi tukafika kona ya mwisho, ile ya kwetu. Kona hiyo mnaijua wengi wenu. Njia inashuka, inapinda kulia, halafu papo hapo kushoto, na katikati ya mapindo hayo mawili, upande wa chini, kuna bwawa dogo ambamo mama na majirani zake wanaloweka mihogo. Mihogo ya wakati ule ilikuwa na siku ya tatu majini. Kwa asiyejua harufu ya mihogo ya siku ya tatu, nasema tu kwamba unaijua kabla hujaiona.

Juu kidogo ya bwawa, uani kwetu, walikuwa wamesimama wote: baba mdogo Faustin, mkubwa wa ukoo tangu baba alipofariki, na wazee wenzake, na kwaya ya akina mama iliyoanza kuimba mara tu iliposikia pikipiki. Ningeweza kumwambia Musafiri apunguze, tuingie taratibu kama watu. Lakini niliona wanatuangalia, nikawaza jinsi watakavyoona kwa macho yao kitu nilichokuwa nawaeleza kwa miezi, na mtu wa kwanza wa ukoo wetu kusoma chuo akataka ukoo wake uone.

Nikasema "lala" mapema, kwa sauti.

Pikipiki ililala kulia, haraka, kwa uzuri ambao sitausahau. Nikasema "lala" ya pili, ya kushoto, na Musafiri akaivuta, na pikipiki ikatii, na bidoni za juu zikatii pia, ila zenyewe hazikuona sababu ya kusimama. Nilisubiri neno "tayari". Sikulisikia. Niliona mbingu, nikaona mwavuli wa Mama Véronique ukiwa juu chini, kisha nikawa ndani ya bwawa.

Maji ya mihogo ni meupe. Maziwa ni meupe. Niliposimama, yamenifika kiunoni, nilikuwa mweupe toka nywele hadi mfukoni, na ganda la muhogo lilikuwa limekaa kwenye tai yangu mahali ambapo watu huweka pini. Bidoni mbili zilikuwa zimepasuka, ya tatu ilikuwa inamwaga yaliyobaki kwa utulivu, "glu, glu", na ya nne mfuniko wake ulikuwa umeruka na bata wa jirani walishafika. Musafiri alitua majanini, mzima, pikipiki yake imelala pembeni yake kama ng'ombe aliyeshiba. Kwaya iliendelea kuimba ubeti mzima, kwa sababu waliokuwa nyuma hawakuona, na walikuwa wamefika kwenye maneno ya kumkaribisha mgeni aliyetoka mbali.

Halafu wakanyamaza. Ukimya ule ndio ulionifanya nielewe. Maziwa hayakufika.

Baba mdogo Faustin alishuka mbio na fimbo yake, na kwa kuwa ananipenda na alikuwa ametembea miaka miwili kwa ajili ya ndoa hii, akachagua mkosaji haraka. Alimnyooshea Musafiri fimbo, akasema motari huyu amelewa tangu asubuhi, kila mtu anaona, na ukoo wa bwana-arusi hauwezi kuhukumiwa kwa ajili ya mlevi. Wazee wakaanza kuitikia. Mama Véronique alikuwa ameshuka kwenye pikipiki yake, amesimama juu ya njia, mwavuli mkononi. Musafiri, ambaye hanywi hata bia ya siku kuu, alikuwa anakamua shati lake. Aliniangalia tu, mara moja, akarudi kwenye shati.

Nakiri kwamba nilifikiri. Haikuwa muda mrefu, lakini nilifikiri, na katika muda huo nilimwona Gentille, nikaona miaka miwili ya barua, na nikaona kwamba ule uongo wa baba mdogo ulikuwa mlango ulio wazi. Nikasema, kutoka ndani ya bwawa:

"Baba mdogo, ni mimi. Musafiri alikataa. Bidoni nilizipanga mimi."

Kama ningeishia hapo leo ningekuwa mtu mwenye heshima. Lakini mtu aliyetetea kurasa themanini mbele ya majaji hajui kuishia. Nilitoka majini, nikaiomba fimbo ya baba mdogo (akanipa, sijui kwa nini, nadhani alikuwa amechanganyikiwa), nikachora kwenye tope ndege ya vita, na mabawa yake, na mizigo kwenye ncha zake, nikawaeleza wazee wetu na Mama Véronique, huku maziwa yakinidondoka masikioni, tofauti kati ya kuanza kulala na kutulia baada ya kulala, nikataja sura ya tatu, nikakiri kosa langu la upimaji kwa unyofu wa kisayansi. Nilidhani ukweli wote ni bora kuliko nusu yake. Mzee mmoja wa nyuma akamuuliza mwenzake kama kuna ndege iliyotarajiwa kutua. Mwenzake akamjibu kwamba ndiyo hiyo imeshatua.

Mama Véronique alisubiri nimalize. Akashuka hadi kwenye mchoro wangu, akautazama sana, akaweka ncha ya mwavuli kwenye bawa.

"Mutoto wangu, hii kitu inapinduka mbio mbio hivi juu ya nini?"

Nikamjibu kwamba ni ili isipigwe, na ili ipige kwanza.

"Inabebaka nini?"

"Mabomu, Mama."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa jina la ugonjwa alioushuku. "Njo ile. Bomu inataka kufika mbio. Maziwa inataka kufika tu."

Hakuna profesa aliyewahi kuniuliza swali lile. Nikamrudishia baba mdogo fimbo yake. Yeye akasogea kando, akampigia Papa Anselme simu, akaongea naye kwa lugha ya kwao, mgongo umetugeukia, na sisi wote tukautazama mgongo ule kama ubao wa matokeo ya mitihani. Aliporudi alisema neno moja tu, kwamba kaka yake atafikiri. Akapanda pikipiki, akaondoka.

Gentille alinipigia kabla sijavua kostimu. Aliniuliza kama nimeumia, nikamwambia hapana, hata mkwaruzo.

"Na maziwa?"

Nikamwambia yamemwagika yote.

"Basi umeumia," akasema, na kwa sauti yake nilijua kwamba alikuwa analia na kucheka, na sikujua kipi kilikuwa kingi.

Siku nne hakukuwa na habari. Nilifundisha, kama kile nilichokifanya kinaweza kuitwa kufundisha, kwa kuwa kila nilipoandika neno "uzito" ubaoni darasa zima liliinamia madaftari. Mama alimwaga mihogo yote. Baba mdogo Faustin hakuja nyumbani. Nilijua desturi: mazungumzo yanaisha tu, na kila siku iliyopita bila habari nilihisi yanaisha.

Siku ya tano akaja Musafiri na ujumbe. Mama Véronique alikuwa amemsimulia kaka yake kila kitu, hadi ganda la muhogo, na Papa Anselme alikuwa amesema kwamba watu wanaomwaga anawajua wengi, ila wanaosema "ni mimi" kabla ya kuulizwa hajahesabu hata vidole vya mkono mmoja. Maziwa yatashuka tena Jumamosi. Musafiri atapakia. Bwana-arusi atafuata nyuma kwa miguu, njia nzima, mikono mgongoni, asiguse kitu.

"Mikono mgongoni?" nikauliza.

"Alionyesha na yake," akasema Musafiri, akanionyesha.

Basi Jumamosi nilitembea. Kutoka kwa Papa Anselme hadi kwetu ni mwendo wa karibu saa tatu ukiwa na haraka, na sisi hatukuwa nayo. Mbele ilikwenda pikipiki ya Musafiri, bidoni mbili huku na mbili huku, fremu imetanuka, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Nyuma yake mimi, katika kostimu iliyofuliwa mara tatu na bado ina harufu, mikono mgongoni. Nyuma yangu Mama Véronique juu ya pikipiki ya pili, akinisimamia kama mtahiniwa. Habari ilikuwa imetangulia. Watu walitoka mashambani na majembe yao. Mamotari waliotupita walipiga honi, mmoja akaniita "Rubani" na kuniuliza kama ndege imeharibika, na wanafunzi wangu (nilikuwa nimewapa kazi ya nyumbani ili wasitoke) walikuwa wamekaa kwenye ukingo wote, safu mbili. Sikuweza hata kujikuna pua.

Lakini mtu anayetembea saa tatu nyuma ya pikipiki, bila simu na bila mikono, hana jingine la kufanya isipokuwa kutazama. Niliona namna Musafiri anavyoianza kona kabla ya kona, namna uzito wa pande mbili unavyokataa kulala upesi, na kwa sababu unakataa, maziwa yanapata muda wa kuinama nayo, yanafika pamoja na pikipiki na kutulia pamoja nayo. Ule uzito niliouita kasoro ndio uliokuwa unamsaidia. Kwenye kona ya bwawa alipita kulia, akapita kushoto, na sikusikia "glu" hata moja.

Uani wazee walikunywa. Walikunywa bila kwaya safari hii, kwa tahadhari, baba mdogo Faustin wa kwanza, kikombe kikubwa, macho amefumba. Mama Véronique alihesabu vinywa hadi cha mwisho. Kisha akasimama, akasema kwamba kaka yake amemtuma aseme "ndiyo", na ameisema, mtoto ni wetu. Mama akaanza kulia.

"Lakini siku ya kumuchukua," akaongeza Mama Véronique, akinitazama mimi mbele ya wazee wote, "Musafiri njo atasema namna ya kumupakia."

Walicheka mpaka mzee mmoja akaketi chini. Mimi pia nilicheka, nadhani, kwa mara ya kwanza tangu bwawa.

Tumeoana sasa, na Gentille alikuja kwa miguu, kwa hiari yake, kwa tahadhari. Nimeapa, na kiapo hiki nakitoa kwenu kama mashahidi, kwamba sitagusa tena mzigo wa mtu kabla sijatembea nyuma yake njia yote anayoupitisha, hata kama nina vyeti ukuta mzima na kurasa themanini kichwani. Kupima sijaacha, siwezi kuwadanganya. Niliporudi kwa Musafiri kumwomba ruhusa, ili nijifunze safari hii maziwa yanatuliaje, alikubali kwa masharti mawili: nikae ng'ambo ya pili ya njia, na nisiseme neno.